Mtoto wa Kihindu Leicester: Kigujarati kwanza, au dini kwa Kiingereza?

Mtaa wa Kisutu: Wakuu, mada ya leo inawahusu ndugu zetu wa Uingereza. Familia nyingi za Kigujarati za Leicester zilitoka huku kwetu: wengine Nairobi na Dar, wengine Kampala, baada ya Idi Amin kuwapa siku 90 waondoke, Agosti 1972. Wajukuu zao hupelekwa bal sabha, kikao cha watoto cha kila wiki hekaluni, na ugomvi ni ule ule: kiendeshwe kwa Kigujarati au kwa Kiingereza? Mimi nasimama na wazee: Kigujarati. Mtoto anayeimba bhajan, nyimbo za ibada, asijue maana ya neno hata moja ni kasuku. Na bibi akimsimulia Ramayana, ile hadithi ya kale ya Rama, jikoni, haambulii kitu.

Binti Belgrave: Mkuu, kwa heshima zote, piga hesabu kwanza. Saa 2 kwa wiki, kwa wiki 35, ni saa 70 kwa mwaka. Hazifiki hata siku tatu! Kigujarati kina konsonanti 34, na juu yake alama za irabu zinazobandikwa juu, chini, mbele na nyuma ya herufi. Saa zote zikiishia kwenye "ka, kha, ga", ibada utaifundisha lini? Halafu mantra zenyewe, maneno ya sala, ni Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Kihindu, na hata babu haongei Kisanskriti. Gayatri, mojawapo ya mantra hizo, ina silabi 24. Mtoto wa miaka sita anaikariri kwa vipande vitatu vya silabi nane, kisha anaelezwa maana kwa lugha anayoijua.

Kakko: Binti-ben, hesabu yako sawa, ila umekamata mwizi siye. Tatizo ni kuanza na kuandika. Miezi mitatu ya kwanza daftari lisionekane kabisa, iwe masikio na mdomo tu. Mtoto aliyekulia kwenye Kiingereza hasikii tofauti ya "t" ya menoni na "t" ya kukunja ulimi, wala ya "k" kavu na "kh" yenye pumzi. Watu wa Mombasa mtanielewa: paa la nyumba na paa wa porini havitamkwi sawa. Asiposikia, atakosea imla mwaka hadi mwaka, na mwalimu atamwita mvivu.

Kosa la pili ni kuweka wa miaka 6 na wa miaka 13 chumba kimoja. Mkubwa anautaka mtihani wa GCSE, ule wa sekondari wa Uingereza, maana Kigujarati bado kinatahiniwa: kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, kila sehemu asilimia 25. Mdogo anataka wimbo.

La tatu ndilo linaloudhi. Kigujarati cha bibi aliyetoka Kampala kina kisu, sufuria, fagio na mogo (ndiyo, muhogo wetu huu huu). Mwalimu aliyesomea Ahmedabad, kule Gujarat, anayapiga maneno hayo kalamu nyekundu. Mtoto anaondoka akijua kwamba lugha ya kwao ni mbovu. Baada ya hapo humsikii tena akiitamka.

Mwezi Mwandamo: Mnagombea lugha wakati tarehe zenyewe mnakosea. Ekadashi, siku ya kumi na moja ya mwezi unapokua na unapopungua, hufungwa kwa kuangalia tithi, yaani siku ya mwezi mwandamo, iliyopo jua linapochomoza *pale ulipo*. Tuseme majira ya baridi, tithi imeingia Jumanne saa 3 asubuhi India. Kule jua lilishachomoza, kwa hiyo wao wanafunga Jumatano. Kwa London hiyo ni saa 9 na nusu usiku, jua bado, kwa hiyo London ni Jumanne. Familia inayofuata kalenda iliyochapwa Gujarat inafunga siku siyo, na mtoto akilinganisha na ya hekalu la mjini kwake anaona dini nzima ni ya kubahatisha. Chukueni panchang, kalenda ya Kihindu, iliyopigwa kwa mji wenu.

Na hizo saa 70 za Binti zisiwe ndizo zote. Dakika tano kila jioni nyumbani: utambi wa pamba, samli kidogo, arati, yaani taa ya ibada ya kuzungusha kwa upande wa mshale wa saa, kisha prasad, chakula kilichotolewa kwa Mungu kwanza. Kijiti cha ubani kimoja tu, mbali na king'ora cha moshi, kisije kikavunja sala. Prasad isiwe pipi za jeli kabla ya kusoma pakiti, nyingi zina jelatini ya nguruwe au ng'ombe.

Binti Belgrave: Hilo la nyumbani nakubali. Siku ya mfungo mpeni mtoto kazi ya mkono: kupika sabudana, zile punje nyeupe za wanga. Kikombe kimoja, ioshwe mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, iloweke saa nne hadi sita kwa maji yanayoifunika kwa shida. Yakizidi, inageuka gundi sufuriani. Halafu viazi, bizari nyembamba, karanga za kukaanga zilizotwangwa, chumvi ya mawe. Nafaka hakuna. Na sabudana ya India hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, kwa hiyo bibi wa Kampala hajatoka mbali.

Mtaa wa Kisutu: Na hapo jikoni maagizo yatolewe kwa lugha gani?

Binti Belgrave: Ya bibi, kisu na sufuria humo humo. Lakini kwenye bal sabha sijabadilika, bhai.