Mrejesho: marisaa ya .22 kwa panya wa banda la kuku

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kama risasi za .22 (za bunduki ndogo, mtutu wa kama inchi 0.22) za marisaa, yaani zenye chembe nyingi ndogo badala ya kichwa kimoja, zinafaa kwa panya wa banda la kuku, huku Kentucky ninakofanya kazi shambani. Mkaniambia nijaribu kwanza kwenye boksi.

Hatua tatu, chembe zilijaa ndani ya duara la sahani. Hatua saba, katikati ya boksi pakabaki peupe, panya angepita hapo akipiga mluzi. Aliyesema mifereji ya ndani ya mtutu huzizungusha chembe na kuzitawanya, heko! Risasi nzima ina gramu 2 tu za chembe namba 12, kila moja kama milimita 1.3, kwa hiyo nguvu inaisha haraka.

Bunduki ya bosi inayojikoki yenyewe ilikwama kila mlio, nikawa nakoki kwa mkono. Na miwani vaeni jamani: chembe moja iligonga bati ikarudi shavuni kwangu.

Siku tatu za kuvizia, panya wanne. Mitego ya kubana niliyopaka siagi ya karanga, kumi na mmoja, nikiwa nimelala! Matundu nimeyaziba kwa wavu wa waya. Risasi zilizobaki nimemrudishia bosi.