Bando la "bila kikomo" na laptopu ya "Core i5": mwenye kipato kidogo anapigwa kotekote

#1 (mtoa mada)

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Anayetaka maneno ya upole apite tu.

Kazi za serikali zinaombwa Ajira Portal, mkopo wa chuo unaombwa mtandaoni, vitabu vya TIE (Taasisi ya Elimu) viko kwenye maktaba mtandao. Sawa. Sasa tuweke mezani hesabu ya familia ya vyumba viwili Mbagala, maana wapanga mipango hawaipigi.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliweka bei ya MB moja kati ya sh 2.03 na sh 9.35. Ya chini ni ya ndani ya bando, ya juu ni pale bando linapokata na salio likaanza kuliwa. GB moja ni MB 1,024, kwa hiyo ni sh 2,079 kwa bei ya huruma kabisa na sh 9,574 kwa bei ya kuumia. Bando likikata katikati ya video ya somo, salio la sh 2,000 linakwisha kwa MB 213. Bei hiyo ilipowekwa, humo ndani kulikuwa na ushuru wa bidhaa wa 17%, halafu VAT ya 18% ikapigwa juu ya bei yenye ushuru tayari. Kwa viwango hivyo, huduma ya sh 1,000 ilimfikia mteja kwa sh 1,380. Kodi inatozwa kodi!

Na vifaa je? Bajeti ya 2021/22 ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, hoja ikiwa bei madukani hazikushuka. Yaani waliokula msamaha ni wengine, aliyeadhibiwa ni mnunuzi.

Halafu lije neno "bila kikomo". Soma maandishi madogo: ukivuka GB kadhaa, kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi. Ikishushwa hadi kbps 512 unapata KB 64 kwa sekunde, na faili la GB 3 litachukua saa 13. Kama hicho si kikomo, kikomo ni nini? Tena kasi inatangazwa kwa Mbps, yaani biti, huku mteja akihesabu baiti. Mbps 10 ni MB 1.25 tu kwa sekunde, na hapo mnara haujalemewa. Ikifika saa mbili usiku mtaa mzima uko hewani kwenye mnara mmoja, hiyo 10 utaisikia kwenye tangazo.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba laptopu na intaneti zinauzwa kama vitu visivyojuana. Mtu anajichanga, ananunua mtumba wa laptopu Kariakoo, anaiwashia hotspoti ya simu. Windows haijui kwamba hizo ni MB za kununuliwa kwa vijiko. Inaona Wi-Fi, inadhani iko ofisini, inashusha masasisho ya GB kadhaa huku OneDrive inapakia picha. Bando la wiki linakata kabla mtoto hajafungua hata ukurasa mmoja. Muuzaji angetumia dakika mbili tu: ingia Settings, Network & internet, chagua Wi-Fi uliyounganisha, washa "Metered connection". Kisha Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, zima kupokea kutoka kompyuta nyingine, maana bila hivyo mashine inaweza kuwa inawapakia watu usiowajua masasisho kwa bando lako. Hakuna duka linalofanya hivyo. Wanakuwekea picha ya gari kwenye skrini na kukutakia matumizi mema.

#2

Mtoa mada umeanza vizuri ila umewaonea huruma wauza laptopu. Ngoja niwamalizie.

"Core i5" si sifa, ni jina la ukoo. Angalia namba inayofuata. i5-3320M ni kizazi cha 3, i5-6300U cha 6, i5-8350U cha 8. Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa 14 Oktoba 2025. Muda wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha unaishia 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo anayekuuzia kizazi cha 4 chenye "Windows 11 original" ameilazimisha kupita mlango wa nyuma, na sasisho kubwa lijalo linaweza kugoma.

Ukifika dukani usianze na kioo kinavyong'aa. Izime kabisa, iwashe ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) ikidai nywila, rudisha mashine mezani uondoke, hata wakikupunguzia laki. Ikifunguka, tafuta Computrace au Absolute, mfumo wa kufuatilia na kufunga mashine kwa mbali. Ikiwa "Activated", kampuni ya zamani bado ina mkono humo. Kisha fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Chini ya 60%, ihesabu kama haina betri na ukate bei. Diski ipime kwa programu ya CrystalDiskInfo, nenda nayo kwenye flashi. Ikiwa na "Reallocated sectors" (sehemu zilizoharibika) zinazopanda, hiyo ni maiti inayotembea.

RAM, uliza kama inaongezwa. Nyingi nyembamba zimechomelewa kwenye bodi, GB 4 ya leo ndiyo GB 4 ya milele. Na vile vilaptopu vya Celeron vyenye eMMC (diski iliyochomelewa kwenye bodi) ya GB 32, usiguse. Windows 11 peke yake inataka diski ya GB 64.

Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, ni kesi nyingine. Nyingi zilikuwa za shule za Marekani. Mwambie muuzaji aifute mbele yako kwa Ctrl+Alt+Shift+R kwenye skrini ya kuingilia. Ikiwaka upya na kusema inasimamiwa na shule fulani, basi mwenye mali ni hiyo shule, wewe umenunua sahani. Ikipita, angalia kwenye Settings tarehe ya mwisho ya masasisho.

#3

Naona mnamwogopesha mtu wa laki mbili na nusu, na hiyo ndiyo pesa aliyonayo. Kizazi cha 4 chenye RAM GB 8 na SSD (diski isiyozunguka) GB 128 kinatosha kabisa nyumbani, mradi usikilazimishe Windows. Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, toleo jepesi la Xfce, inaanzia RAM GB 2 ingawa 4 ndiyo raha, na haishushi masasisho bila ruhusa yako. Faili lake ni karibu GB 3, lishushe kwenye Wi-Fi ya chuo, liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Ijaribu kwanza bila kusakinisha: Wi-Fi, sauti, kamera. Chipu za Wi-Fi za Broadcom ndizo husumbua, zinadai dereva ya ziada. Diski ya kuzunguka kwenye mashine ya bei hiyo itoe siku hiyo hiyo, hakuna RAM itakayofidia ule uzito.

Masomo yawekwe ndani ya mashine mara moja: Kolibri, programu ya masomo yenye Kiswahili, na Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix, kisomaji cha nje ya mtandao. Vikishaingia, havili bando.

#4

Hapo kwenye faiba mmeruka. Tuseme ni sh 60,000 kwa mwezi. Nyumba nne za uani zikichanga ni 15,000 kila moja, chini ya GB 8 za bando. Soma mkataba kwanza, mingine inakataza, na kuuza intaneti bila leseni ya TCRA ni kosa.

Wengi hushindwa kwenye waya wa kuunganisha nyumba, wakati wao wanalaumu mtandao. Nunua Cat6 (waya wa mtandao) ya shaba tupu. Ile ya CCA ni alumini iliyopakwa shaba, ukikwaruza kwa kisu inaonyesha weupe, na kwenye umbali mrefu inaanza kudondosha kasi. Mwisho wa waya mmoja ni mita 100. Nje tumia yenye ganda jeusi, ya kijivu jua litaipasua. Weka ruta ndogo ya MikroTik, kila nyumba iwekewe kikomo cha kasi, la sivyo mmoja anayeshusha muvi ataleta ugomvi wa bomba la maji.

Walio kwenye ruta ya 4G: nyumba ya bati inaua mawimbi. Fungua 192.168.8.1 kwa Huawei, soma RSRP, yaani nguvu ya mawimbi. -80 safi, -110 hoi. Isogeze dirisha kwa dirisha ukisoma namba, si ukiangalia vijiti.

#2

Mkuu #4, umesahau umeme. Ruta ya 12V 1A inakwenda na mini UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Pima volti kwanza, zipo za 9V, ukikosea unanunua ruta nyingine.

#1

Nakubali ya #3 kuhusu Mint, ya picha ya gari sirudi nyuma. Anayenunua adai risiti ya EFD yenye namba ya mfululizo (serial number) ya mashine, modeli kamili na muda wa warantii. Muuzaji akikataa kuandika "i5-8350U" kwa mkono wake mwenyewe, umeshapata jibu.