Yellowstone: sprei ya dubu inatumikaje hasa?

Mtembezi_Minneapolis
Wakuu, salaam. Mwezi wa saba tunaenda Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani yenye dubu, watu wanne, kutembea kwa miguu na kulala hemani usiku mmoja. Tunaambiwa kila mtu awe na sprei ya dubu, yaani kopo la pilipili la kumpulizia dubu anayekujia. Inapulizwaje? Na dubu akikufikia, ni kweli unajilaza kama maiti?

Njia_ya_Porini
Kwanza, hairuhusiwi kwenye ndege, iwe begi la mkononi au la mizigo. Nunueni mkifika, na kopo liwe limeandikwa kuwa ni la dubu. Vile vidogo vya kujikinga na vibaka havifiki mbali.

Kopo likae kiunoni au kifuani. Likiwa ndani ya begi ni sawa na kutokuwa nalo, maana dubu akija mbio una sekunde mbili tatu tu. Chomoa kizuizi cha plastiki kwa dole gumba, lenga mbele yake na chini kidogo, bonyeza akiwa mita 9 hivi ili aingie mwenyewe kwenye wingu la pilipili. Wengi hulenga juu mno, ikampita kichwani. Msipulizie hema wala nguo kama dawa ya mbu: ikishakauka, harufu yake humvuta. Na msiliache kopo garini juani, hupasuka.

Mama_Milima
Kujilaza kunategemea dubu gani. Grizli, aina ya dubu wa kahawia, ana nundu mabegani na masikio mafupi. Rangi isikudanganye, wapo dubu weusi (hilo ni jina la aina nyingine) wenye manyoya ya kahawia. Grizli aliyeshtuka, hasa mwenye watoto, akikugusa: lala kifudifudi, begi libaki mgongoni, fumbata vidole nyuma ya shingo, panua miguu asikugeuze. Tulia mpaka aende zake kabisa. Ukijitikisa mapema anarudi. Dubu mweusi akikushambulia, pigana naye, piga uso na pua. Anayeingia hemani usiku, wa aina yoyote, pigana vilevile. Kukimbia usijaribu, hutamshinda mbio.

Mtembezi_Minneapolis
Asante sana dada. Na chakula usiku?

Njia_ya_Porini
Pikeni na kuhifadhi mita 90 au zaidi kutoka hemani. Kining'inizwe mita 3 juu ya ardhi, na mita 1.2 kutoka kwenye shina. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya nywele na nguo mlizopikia vining'inizwe pamoja nacho. Hapa ndipo watu husahau. Mchana, penye vichaka au mto wenye kelele, pigeni makofi na kuita kwa sauti. Kengele za kufunga begini hazisikiki vya kutosha.

Mama_Milima
Kibali cha kulala porini pia mkichukue mapema, ni lazima.