Mama anaishiwa insulini kijijini na kuna muuzaji wa Instagram. Ninunue?

BintiMasasi

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari zenu. Naombeni ushauri wa dhati, jambo hili limeninyima usingizi.

Mama yangu ana miaka 63. Kisukari anacho mwaka wa 9 sasa, na presha juu yake. Anaishi kijijini, njia ya Masasi kwenda Nanyumbu, mimi niko Mbagala, Dar es Salaam, nafanya kazi saluni. Anachoma insulini ya Mixtard asubuhi na jioni. Siku ya kliniki anaamka saa 10 usiku, bodaboda kwenda na kurudi, foleni mpaka mchana, halafu akifika dirishani mara nyingi anaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Hiyo "nje" ni Masasi mjini, nauli nyingine tena.

Mwezi uliopita nikagundua kwamba anavuta chupa. Anachoma nusu ya uniti alizoandikiwa ili insulini ifike mwisho wa mwezi. Alinificha, nimeambiwa na mdogo wangu baada ya sukari kufika 19.

Sasa Instagram nimempata mtu anayeuza insulini, vidonge vya presha, hadi vipimo vya sukari. Chupa ni elfu 15, dukani nilikouliza ni elfu 23. Haulizi cheti cha daktari. Unamlipa kwa simu, anapeleka mzigo stendi alfajiri, jioni uko Masasi. Picha za boksi ni zile zile ninazozijua, na watu wanaomshukuru chini ya picha ni wengi.

Ninunue au nisinunue? Na kama jibu ni nisinunue, naomba mniambie nifanye nini, msinikataze tu mkaishia hapo.

Kisiki cha Mpingo

Usinunue. Mlete mama Dar, atibiwe karibu nawe.

BintiMasasi

Kaka, namwomba tangu baba afariki. Ana mikorosho yake na wajukuu wawili anaolea. Hatoki.

MamaFaraja

Pole sana mdogo wangu. Mimi mwanangu wa kwanza ana selimundu, kwa hiyo hayo ya kutafuta dawa mtandaoni nayajua kwa miaka mingi. Watu wanatusema kwamba tunapenda njia za mkato. Hawajui kuzunguka maduka sita ya Kariakoo na karatasi mkononi ukitafuta haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, na kila dukani mtu anatikisa kichwa. Nilianza kununua kwa simu kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeniandikia "ipo". Neno hilo moja, kwa mzazi ambaye mtoto wake amelazwa mara nne ndani ya mwaka, linatosha kukufanya utume hela bila kuuliza la pili.

Na nilikosea hapo hapo, kwa kutouliza. Dawa ile inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, mtoto anatakiwa kupimwa FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, mara kwa mara. Muuzaji hakuniambia, nami kwa kuwa sikuwa napita kliniki tena kuchukua dawa, nikaacha na vipimo. Tulikuja kushtuka chembe zimeshuka sana. Alipona, namshukuru Mungu. Kwa hiyo hata ukipata dawa nzuri kabisa mtandaoni, kliniki mama asiache. Daktari ndiye anayeona kama dozi bado inamfaa.

Mzizima77

Nakazia alichosema MamaFaraja, ila niongeze sababu ambayo watu hawaisemi. Mimi nina presha, nina miaka 38, nanunua amlodipine kwa kuagiza WhatsApp. Duka la mtaani kwetu muuzaji anauliza kwa sauti, "ile ya presha eeh?" na nyuma yangu amesimama jirani. Nikichelewa kazini kwa ajili ya kliniki, bosi anaanza kuniangalia kama mgonjwa. Dawa ya malaria unameza siku 3 umesahau. Hii ya kwetu ni kila siku, mpaka mwisho. Mtu akikuondolea ile safari na yale macho, unamlipa kwa moyo mweupe.

Lakini ninayemwagiza ni famasi ambayo nimeingia kwa miguu yangu, nikaona kibali ukutani, nikaongea na mfamasia. WhatsApp ni ya kurahisisha tu.

Pwani Kongowea

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu kuagiza dawa kwa mtandao ni kitu chenye sheria. MYDAWA ipo tangu 2017 na ina leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Babangu ni mgonjwa wa sukari, huletewa vidonge vyake mpaka mlangoni. Kwa hivyo shida si mtandao, dada. Muulize huyo mtu leseni yake ni ya nani.

MfamasiaWaKusini

Dada, nimesoma uzi wote. Mimi ni mfamasia, nimefanya kazi mikoa ya kusini miaka kadhaa, kwa hiyo hiyo barabara naijua.

Kwanza tenganisha vidonge na insulini. Metformin, kidonge cha sukari, ikisafiri kwenye basi siku nzima inafika ikiwa metformin. Insulini ambayo haijafunguliwa inatunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiwekwa kwenye buti la basi karibu na injini kutoka Dar mpaka Masasi, inapikwa. Wengine wanaibana na barafu ili kuiokoa, ikiganda ndiyo imekufa kabisa, hata ikiyeyuka haifai. Tatizo ni kwamba boksi linabaki lile lile na TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania, wameisajili kweli. Usajili unakuhakikishia bidhaa, haukuambii huyu mtu aliiweka wapi tangu aipate.

Mixtard ukiiviringisha viganjani inatakiwa iwe kama maziwa, sawasawa kote. Ukiona mabonge, au chembe zimeganda kwenye kuta za chupa, tupa. Lakini iliyopungua nguvu inaweza kuonekana nzima, na hapo mama atachoma dozi kamili huku sukari inapanda.

Pili, mwambie muuzaji akupigie picha boksi na chupa, pande zote. Angalia kama kuna alama ya GOT. Hiyo ni dawa ya serikali iliyopita MSD, yaani bohari ya dawa ya serikali, hairuhusiwi kuuzwa na mtu binafsi popote. Mwombe pia jina la famasi na namba ya usajili kutoka Baraza la Famasi.

Tatu, chupa mama akishaifungua, ndani ya wiki 4 hivi inaweza kukaa nje ya friji mradi isipate joto kali. Mtungi wa udongo mahali penye kivuli unasaidia sana, insulini ikae ndani ya kopo kavu lenye mfuniko ili maji yasiiguse. Mwaka 2021 MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliofuata joto halisi la kambi ya Dagahaley kule Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37, na kwa wiki 4 insulini haikupoteza nguvu. Kwa hiyo asikate tamaa kwa kukosa friji. Chupa ambazo hajafungua ndizo ziwe kwenye friji ya zahanati au ya mtu unayemwamini.

BintiMasasi

Asanteni mno. Nimemwandikia sasa hivi nikamwomba picha na namba ya usajili.

BintiMasasi (siku tatu baadaye)

Ndugu zangu, narudi na majibu.

Namba ya usajili hakutoa, alisema yeye anachukua kwa jamaa yake. Picha alituma. Boksi ubavuni lina GOT. Nimeikuza mara tatu nikidhani naona vibaya.

Nilikaa nayo ile picha muda mrefu. Mama yangu anaambiwa dawa hakuna, na mimi mwanawe nauziwa dawa ya dirisha lile lile, nimshukuru mtu kwa kunipunguzia elfu 8. Sijui imetoka kituo gani. Nimepiga simu TMDA, nikawatumia picha na jina la ukurasa.

Kuhusu mama: nimepiga simu famasi mbili za Masasi mjini. Moja ina friji na mfamasia alinipokea vizuri, tukasoma pamoja cheti cha mama kwenye simu. Nitamlipa kila mwezi kutoka huku, bodaboda tunayemfahamu atachukua chupa jioni jua likipoa, ndani ya chupa ya chai yenye maji ya baridi, insulini ikiwa kwenye mfuko mkavu. Bei ni ile ya elfu 23. Nitapunguza kwingine.

Mtungi anao, ule wa bibi. Na kliniki anaendelea kwenda, MamaFaraja, nimemwapisha.

Jana amechoma dozi kamili. Leo asubuhi mdogo wangu kampima, 9.4. Mama akachukua simu akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema kwamba dawa nitanunua mimi, angeacha kuipunja.

@MfamasiaWaKusini, swali moja limebaki: zile chupa mbili alizokuwa ameziweka dirishani juani wiki iliyopita, azitupe hata kama hazina mabonge?

MfamasiaWaKusini

Azitupe, dada. Zote mbili, leo.