Kugeuza mshale kwenye kwiva: mbona kategoria ya deraivu haibadiliki?

mshale_mmoja:
Wakuu nimekwama. Nina kwiva (nukta zilizounganishwa kwa mishale) mbili za aina A3, yaani nukta tatu kwenye mstari, ya kwanza 1→2→3 na ya pili 1→2←3. Teorema ya Gabriel (1972) inasema kila moja ina reprezentesheni 6 zisizogawanyika (reprezentesheni ni nafasi ya vekta kwenye kila nukta na ramani ya mstari kwenye kila mshale, isiyogawanyika ni ile isiyovunjika kuwa jumla ya ndogo zaidi), maana grafu ya Dynkin (kwiva bila kuangalia mishale inaelekea wapi) ni ileile na mizizi chanya yake (dimensheni za hizo reprezentesheni) ni 6, hapo sina shida. Ila naambiwa kategoria za deraivu (humo unashika minyororo ya reprezentesheni, kila moja ikiwa na nafasi yake inayoitwa digrii) ni sawa ilhali kategoria za reprezentesheni zenyewe si sawa. Kama ni 6 kwa 6, tofauti iko wapi?

kokeneli_yake:
Usiitafute kwenye idadi mkuu, angalia urefu. Ya kwanza ina mishale miwili mfululizo, kwahiyo reprezentesheni yenye dimensheni (1,1,1) ina ngazi tatu, S3 chini, S2 katikati, S1 juu (S3 ni ile yenye dimensheni 1 kwenye nukta 3 na 0 kwingine, S2 na S1 vivyo hivyo). Ya pili haina njia ndefu hivyo, kila kitu kinaishia ngazi mbili. Basi, hapo haziwezi kulingana tena.

mshale_mmoja:
Hiyo imeingia. Deraivu je?

sifuri_tupu:
Chukua funkta za kuakisi za Bernstein, Gelfand na Ponomarev (1973), yaani njia za kupeleka reprezentesheni za kwiva moja kwenye nyingine iliyogeuzwa mishale. Nukta 3 inapokea mshale tu haitoi, kwahiyo unafuta V3 (nafasi ya nukta 3) unaweka keneli ya V2→V3 (vile vinavyopelekwa sifuri), na keneli ina mshale wake wa kuingia V2, tayari ushafika kwiva ya pili. Zile 5 zinapita salama, ni S3 tu inayogeuka sifuri, kwa sababu V2 yake ni 0 sasa keneli itoke wapi. Shida ni kwamba keneli inaisahau kokeneli (kinachobaki V3 ukiondoa kilichofikiwa kutoka V2), na S3 yote ni kokeneli! Kwenye deraivu unabeba zote mbili, ndo maana S3 haipotei, inatokea upande wa pili ikiwa S3 iliyosogezwa digrii moja, na funkta inarudishika kabisa.

kokeneli_yake:
Na mwanahisabati Happel alionyesha kila kisichogawanyika kwenye deraivu ni reprezentesheni moja tu iliyosogezwa digrii fulani, yaani ni foleni isiyo na mwisho ya zile 6, na kwiva zako mbili zinaikata foleni ileile sehemu tofauti.

mshale_mmoja:
Aah kumbe! Na grafu yenye mzunguko?

sifuri_tupu:
Hapo taratibu. Grafu ikiwa mti geuza unavyotaka. Ila mraba wenye mishale 2 kwa 2 (miwili inazunguka upande mmoja, miwili upande wa pili) na ule wa 3 kwa 1 havilingani hata kwenye deraivu.