Naomba ushauri: wakala ametuwekea kupanda tembo Chiang Mai

Habari zenu wadau. Mwezi ujao naenda Thailand na mume wangu. Yeye anafuata mzigo Bangkok, kisha tutapumzika siku tatu Chiang Mai. Wakala wa safari ametuwekea nusu siku ya kupanda tembo na kuwaogesha mtoni. Kianzio tumeshalipa.

Tangu nianze kusoma habari zake nimekosa raha. Tembo hazaliwi anajua kubeba watu. Kwa njia ya zamani, inayoitwa phajaan, ndama hutenganishwa na mama yake, hufungwa kwenye kizimba chembamba na kupigwa mpaka amwogope binadamu. Akikua anaongozwa kwa fimbo yenye ndoano ya chuma. Mimi nimewaona tembo Tarangire wakipita na watoto wao, jike mkubwa mbele. Siwezi kumkalia mwenzao mgongoni.

Ila mume wangu ana hoja, nami siipuuzi: Thailand ilipopiga marufuku ukataji wa magogo msituni mwaka 1989, tembo waliokuwa wakivuta magogo hayo, pamoja na watunzaji wao, walikosa kazi, utalii ndio ukawalisha. Tembo mmoja hula zaidi ya kilo 100 kwa siku. Tukisusa wote, atalishwa na nani?

Mliofika huko, nitaitambuaje kambi ya kweli, maana siku hizi nyingi zinajiita hifadhi? Zinazoruhusu kuogesha tu bila kupanda, mnyama anakuwa salama? Na kianzio nikidaije? Kisiporudi, niko radhi kukiacha.