Amonia au mafuta ya kubebea haidrojeni: tuchague lipi kwa chumba cha baridi cha zabibu?

Mkulima wa Hombolo: Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Kikundi chetu cha wakulima wa zabibu kina paneli za jua ambazo umeme wake wa mchana hututosha na kubaki. Tumeletewa mapendekezo mawili ya kuugeuza umeme huo kuwa haidrojeni na kuihifadhi, ije kuendesha chumba chetu cha baridi: la kwanza ni kuifunga ndani ya amonia, la pili ni kuipachika kwenye mafuta yaitwayo dibenzitolueni. Kamati inakaa Jumamosi. Lipi ni bora?

Fundi Mitungi: Unauliza bei ya nguo bila kutaja kipimo. Umeme unaobaki ni kiasi gani? Haidrojeni itatumika hapo hapo au itasafirishwa?

Mkulima wa Hombolo: Niwieni radhi. Zinabaki takriban uniti 200 kwa siku. Chumba cha baridi kiko Dodoma mjini, kama kilomita 40, nasi tunataka akiba ya miezi kadhaa.

Mwalimu wa Kemia: Kwa uniti hizo, mtambo wa kuchanganua maji kwa umeme utawapa haidrojeni kilo 3 na nusu hivi. Amonia hubeba haidrojeni asilimia 17.6 ya uzito wake, kwa hiyo mzigo wa siku ni kilo 20, ilhali mafuta hubeba asilimia 6.2 tu, yaani karibu kilo 57. Hata hivyo ningechagua mafuta, maana hukaa kwenye pipa bila baridi wala shinikizo, lakini amonia huwa kimiminika kwenye nyuzi hasi 33 au ikishindiliwa ndani ya tangi imara.

Dereva wa Kibaigwa: Mwalimu, mafuta yaliyokwisha kutoa haidrojeni hayatupwi, hurudishwa Hombolo yakajazwe tena. Gari litarudi na karibu mzigo ule ule.

Fundi Mitungi: Heri mzigo kuliko amonia. Niliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha barafu, ambako fundi mmoja, kwa kukosa koki ya chuma, alifunga ya shaba nyeupe, na sote tukanyamaza kwa sababu ilikuwa inang'aa. Amonia huila shaba. Baada ya miezi michache koki ilipasuka alfajiri, macho yakatuwaka, tukakimbia kuelekea upepo unakotoka huku tumejifunika kanga zilizolowa, na jirani aliyekuwa akikamua mbuzi alikimbia na ndoo yake. Hakuna aliyekufa, ila mimi nilikohoa wiki nzima.

Mama Kizota: Pole sana, kaka, lakini hapo kosa ni la koki. Harufu ya amonia huwahi kukuonya. Haidrojeni yenyewe haina harufu.

Mwalimu wa Kemia: Mama, tusiisahau hasara. Kuitoa haidrojeni kwenye mafuta kunataka joto la nyuzi 300 hivi, na joto hilo hula karibu theluthi ya nishati iliyomo.

Mama Kizota: Basi nunueni betri!

Fundi Mitungi: Betri za kutunza umeme wa miezi zitawamaliza. Mimi nawaza maji: mengi ya Dodoma yana chumvi, na mtambo wa kuchanganua maji hutaka maji yaliyosafishwa hasa. Nani atayasafisha?

Mkulima wa Hombolo: Nashukuru. Kuhusu joto la nyuzi 300, muuzaji hakututajia hata kidogo. Nitampigia kabla ya Jumamosi.

Dereva wa Kibaigwa: Muulize pia mafuta yaliyokwisha kutoa haidrojeni yatarudishwa kwa gharama ya nani.